Mke anayetokwa damu hangoji ruhusa

 

Ndugu msomaji, jambo ninalotaka kulizungumza leo halitajwi sana katika darsa zetu, wala sikumbuki kulisikia katika khutba ya Ijumaa. Nalo ni msiba wa mimba kuharibika, na haki ya mwanamke wa Kiislamu kufikishwa kwa daktari kwa wakati. Wengi wetu wanaume tunadhani hayo ni mambo ya wanawake, ya kunong'onezana wao kwa wao. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka yaliponifika nyumbani kwangu.

Nitaanza na kisa chenyewe. Mke wangu ameridhia nikiandike, na ameniambia kwamba nikikiandika nisijipendelee.

Ilikuwa mwezi wa Rajab mwaka 1440 Hijria, yaani Machi 2019. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne na nusu, ikiwa ni mimba yake ya pili. Nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kufundisha katika semina ya vijana. Mada niliyopangiwa ilikuwa haki za mume na mke. Baada ya sala ya Alasiri nilizima simu nikaingia ukumbini, na kwa sababu maswali yalikuwa mengi tuliendelea mpaka Magharibi, kisha tukaunganisha mpaka Isha.

Huku nyumbani, saa kumi na moja jioni mke wangu alianza kutokwa na damu. Alinipigia, simu haipatikani. Akapiga tena na tena. Akaniandikia ujumbe. Adhana ya Magharibi ikapita, damu inaendelea, naye amekaa juu ya mkeka anangoja. Jirani yetu, mama mmoja Mkristo anayeuza maandazi, aliingia kufuata bakuli lake akamkuta amejilaza chini. Akamuuliza kwa nini hajaenda hospitali. Mke wangu akamjibu kwamba hajapata ruhusa ya baba watoto.

Yule mama hakubishana naye. Alimfunga khanga mbili, akamwacha mtoto wetu mkubwa kwa jirani wa pili, akaita bajaji na kumpeleka hospitali kwa fedha zake za unga.

Nilipowasha simu baada ya Isha nilikuta ujumbe wa watu watatu. Nilifika Dar es Salaam alfajiri. Mke wangu alikuwa hai, alhamdulillah, ameongezwa damu chupa mbili. Mtoto wetu hakuwa hai. Usiku ule muuguzi aliuliza kama ndugu wataichukua maiti. Mke wangu hakuwa na nguvu ya kujibu. Jirani yetu alisema hajui Waislamu hufanyaje, akaogopa kukosea. Hakuwepo Muislamu hata mmoja pale wa kusema: tupeni, huyu ni wetu. Nilipofika, mambo yalikwisha. Mimi ambaye kila mwaka nafundisha darasani mlango wa janaza, sikumwosha wala sikumzika mwanangu.

Siku ya tatu nilimwambia mke wangu maneno tuliyoyazoea: subiri, Allah atatupa mwingine. Aliniangalia akaniuliza, "Na huyu je?" Sikuwa na jibu.

HUU NI MSIBA

Jibu lilikuwamo katika vitabu ninavyofundishia. Allah (S.W.) ametueleza katika Qur'an (2:155-157) kwamba atatujaribu kwa hofu, njaa, na upungufu wa mali, nafsi na matunda, na akawapa bishara wanaosubiri. Wapo wafasiri waliosema kwamba matunda hapo yanaingiza pia watoto, kwa kuwa katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), mtoto anayefariki ametajwa kuwa ni tunda la moyo wa mzazi wake. Mzazi huyo akimhimidi Mola wake na kusema innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun, hujengewa nyumba Peponi inayoitwa Nyumba ya Himidi.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifiwa na watoto wake wote isipokuwa Bibi Fatma (R.A.), aliyebaki baada yake. Mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho, macho yake matukufu yalitoka machozi. Abdurrahman bin Awf (R.A.) alipostaajabu, Mtume alimfahamisha kwamba yale machozi ni rehma, na kwamba moyo unahuzunika lakini ulimi hausemi ila yanayomridhisha Mola. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.). Hivyo basi, subira haina maana ya kumkataza mama asilie. Subira ni kutomlaumu Mola katika kulia huko.

Na kuhusu mtoto aliyetoka kabla ya wakati wake, Ibn Majah amepokea kutoka kwa Muadh bin Jabal (R.A.) kwamba atamvuta mama yake kwa kitovu chake mpaka Peponi ikiwa alisubiri kwa kutaraji malipo. Wanazuoni wa Hadithi wamezungumza juu ya nguvu ya isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na Hadithi sahihi zinazoeleza kwamba watoto waliotangulia ni kinga ya wazazi wao dhidi ya Moto.

Sasa tuangalie desturi zetu. Akifa mtoto wa wiki moja, turubai linafungwa, majirani wanakuja, dua inasomwa. Akifia tumboni mtoto wa miezi mitano, mama yake anarudi nyumbani kwa daladala, na kesho yake anaulizwa mbona hajapika. Wengine humfariji kwa kumwambia ni afadhali imetoka ikiwa changa. Wengine humhoji: ulibeba ndoo? Ulikwenda kwenye arusi ukapigwa jicho? Ulikula nini? Badala ya kupewa pole, anafanyiwa upelelezi.

Inakadiriwa kwamba katika kila mimba 100 ambazo wenyewe wamekwishazijua, kati ya 10 na 15 huharibika. Nyingi katika zile zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo, sababu yake ni kasoro iliyotokea tangu mbegu ya baba na yai la mama vilipokutana, ambayo mama hakuifanya na hangeweza kuizuia. Qur'an imeashiria jambo hili karne nyingi kabla ya hadubini, pale iliposema (22:5) kwamba katika pande la nyama lipo linalotimia umbo na lipo lisilotimia. Kwa hiyo katika msikiti wenye safu tatu za wanawake, wamo kadhaa waliopitia msiba huu, nasi hatuwajui kwa sababu hatujawahi kuwauliza wala kuwapa pole.

RUHUSA YA NANI?

Nije kwenye kosa langu. Mke wangu hakukaa mkekani kwa ujinga. Alikaa kwa sababu aliolewa na ustadh, na ustadh huyo alimfundisha yeye na wengine kwamba mke hatoki nyumbani ila kwa ruhusa ya mumewe. Nililifundisha hilo mara nyingi. Upande wa pili sikuufundisha.

Upande wa pili ni upi? Mafakihi wa madh-hab ya Imam Shafii, tunayoifuata wengi wetu katika pwani hii, wametaja hali ambazo mke anatoka bila ya ruhusa na hahesabiwi kuwa ameasi. Miongoni mwa hizo ni nyumba inapotaka kuanguka, anapokwenda kwa kadhi kudai haki yake, na anapotafuta elimu iliyomlazimu ambayo mume hawezi kumpa. Ndugu yangu, ikiwa anaruhusiwa kukimbia ukuta unaotaka kumwangukia, vipi asiruhusiwe kukimbia damu inayotaka kumwua? Kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa fikihi ni kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa. Na Allah (S.W.) ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (2:195), na akafanya kuihuisha nafsi moja kuwa ni kama kuwahuisha watu wote (5:32).

Iko Hadithi ambayo kila mwenye kufundisha dini anapaswa kuiogopa. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.). Mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa kwake madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akasema kwamba wao ndio waliomwua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Angalia, ndugu msomaji: wale hawakumpiga mtu yule wala hawakumnyima maji. Walimpa fatwa nusu tu.

Wapo wanaosema kwamba mwanamke anayefariki kwa sababu ya mimba ni shahidi, kwa hiyo tusihangaike sana. Kweli, Hadithi hiyo ipo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan ya Abu Daud, kutoka kwa Jabir bin Atik (R.A.). Lakini katika Hadithi hiyo hiyo aliyekufa maji naye ni shahidi, na aliyefunikwa na kifusi naye ni shahidi. Je, ukimwona mtu anazama pale Feri utasimama ufukweni umpongeze kwa ushahidi? Malipo ya aliyekufa ni rehma ya Allah kwake. Dhambi ya aliyemwacha afe iko palepale.

Na tunaojitia katika harakati za dini tukawasahau wake zetu, tumtazame Sayyidna Uthman (R.A.). Mwaka wa pili wa Hijria Waislamu walitoka kwenda Badr, vita ambavyo kila swahaba alitamani kuwamo. Mkewe Uthman, Bibi Ruqayya binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa. Mtume alimwamuru Uthman abaki amwuguze, akamhesabia malipo na fungu la aliyehudhuria Badr, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Ikiwa kumwuguza mke kulihesabiwa sawa na Badr, semina yangu ya Morogoro ilikuwa nini?

UCHELEWAJI ULIO MIKONONI MWETU

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba vifo vingi vya kina mama vinatokana na uchelewaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika hospitali, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Uchelewaji wa pili na wa tatu unahitaji barabara, magari, damu, dawa na wataalamu, na tuna haki ya kuidai serikali mambo hayo. Lakini uchelewaji wa kwanza unatokea sebuleni kwetu, kwa kungojea simu ya mume, uamuzi wa mama mkwe, au kombe la shehe.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionesha vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa mwaka 2022 ulionesha 104. Ni hatua kubwa ya kumshukuru Allah na kuwashukuru waliofanya kazi. Hata hivyo, kila mmoja katika wale 104 alikuwa na mtoto, mume au mama aliyebaki akijiuliza laiti.

Hapa niseme neno kuhusu kombe na ruqya. Kumsomea mgonjwa ni Sunna na hakuna anayeikataa. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha ruqya ndiye aliyewaamuru waja wa Allah wajitibu, akasema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa isipokuwa uzee, kama ilivyo kwa Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.). Msomee mkeo ndani ya bajaji ukiwa njiani. Usimsomee nyumbani huku damu inamwagika.

Tuzijue basi dalili zisizongoja: damu yoyote ukeni wakati wa mimba ni ya kupelekwa kituo cha afya, na ikiwa inalowesha pedi mbili kwa saa moja, au inatoka na mabonge makubwa, ni ya kukimbiza. Maumivu makali ya tumbo upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au kuzimia, yanaweza kuwa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huua kwa kuvuja damu ndani hata kama nje haionekani. Homa, baridi kali au uchafu wenye harufu mbaya baada ya mimba kutoka ni dalili kwamba kuna mabaki au maambukizi. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kifafa, au mtoto aliyekuwa akicheza kisha akanyamaza, yote haya hayangojei asubuhi.

Zipo pia sababu za kupoteza mimba zinazozuilika. Malaria, kaswende, kisukari na presha vinapimwa na kutibiwa kliniki. Upungufu mkubwa wa damu nao huuweka uhai wa mama hatarini zaidi anapotokwa na damu. Ndiyo maana mama anatakiwa aanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, alale kwenye chandarua chenye dawa, ameze dawa za kukinga malaria anazopewa, na vidonge vya kuongeza damu. Desturi ya kuificha mimba mpaka ionekane yenyewe, kwa kuogopa jicho, inawanyima wake zetu miezi ile ya mwanzo. Unaweza usiwatangazie watu, lakini mkunga mwambie.

Na baada ya mimba kuharibika kuna matibabu. Huenda mama akahitaji dawa, au kusafishwa kizazi kwa kifaa cha kunyonya, au kuongezwa damu. Mwenye kundi la damu hasi anahitaji kuulizia sindano maalumu ya kumkinga mtoto wa mimba ijayo. Aliyepoteza mimba mara mbili au tatu mfululizo anastahili kuchunguzwa na bingwa, yeye na mumewe. Si haki kumtishia talaka au kumwolea mke mwenza kabla hata ya kipimo kimoja. Aidha, wanaotaka kupumzika kabla ya mimba nyingine wazungumze na mtaalamu. Maswahaba walifanya azli Qur'an ikiwa inateremka na hawakukatazwa, kama alivyosimulia Jabir (R.A.) katika Bukhari na Muslim.

DHANA MBAYA

Liko jambo jingine linalowafanya wanawake waogope kwenda hospitali, nalo ni kushukiwa. Mwanamke anafika akitokwa na damu, na swali la kwanza analokutana nalo, iwe kwa mhudumu au kwa wifi yake, ni kama amemeza kitu. Msichana ambaye hajaolewa ndiyo kabisa, huona heri afie chumbani.

Uislamu unaitukuza roho iliyomo tumboni, na hakuna anayenisoma atakayedhani nautetea uovu. Lakini Allah (S.W.) ametuamuru kujiepusha na dhana nyingi (49:12), na katika kisa cha uzushi aliotiwa Mama Aisha (R.A.) amewalaumu waumini kwa kutodhaniana kheri (24:12). Anayetokwa na damu ni mgonjwa, atibiwe. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Hata yule tunayejua kwamba amekosea, kumwacha afe si tawba yake wala si ibada yetu.

HUKUMU ZA KUZIJUA

Yale niliyoyakosa usiku ule nayaandika hapa kwa ufupi, ili nyumba nyingine isiyakose. Kwa mujibu wa madh-hab ya Shafii, mtoto aliyetoka akaonesha dalili ya uhai, kama kulia au kutikisika, hukumu yake ni ya mtu mzima: anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa. Aliyedhihiri umbo la binadamu bila ya dalili ya uhai anaoshwa, anakafiniwa na kuzikwa, ila haswaliwi. Wanazuoni wa Hanbali wanaona kwamba aliyefikisha miezi minne anaswaliwa, kwa Hadithi ya Mughira bin Shu'ba (R.A.) aliyoipokea Abu Daud. Ambaye umbo halijadhihiri ni Sunna kumfunga katika kitambaa na kumzika. Kwa hali zote, usione haya kuiomba hospitali ikupe mtoto wako. Imam Nawawi ameandika kwamba ni Sunna pia kumpa jina.

Ama mama, damu inayomtoka baada ya mimba kuharibika, hata ikiwa ilikuwa pande la nyama tu ambalo wakunga wamethibitisha kuwa ni asili ya mwanadamu, kwa Mashafii ni nifasi. Haswali wala hafungi, na atalipa saumu bila ya sala. Ikikatika baada ya siku tatu anaoga na kuswali, haimlazimu kungoja siku 40. Ghalibu yake ni siku 40 na ukomo wake ni siku 60. Wanawake wasione haya kuuliza mambo haya. Fatima binti Abi Hubaysh (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) mwenyewe akamwuliza kuhusu damu isiyokoma, naye akamjibu kwa upole na kwa uwazi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa Mtume hakuona haya kujibu, masheikh wetu wanaona haya ya nani?

NANI ALIPE?

Ni kweli kwamba vitabu vya zamani vya fikihi havikuhesabu gharama za dawa katika nafaqa ya lazima ya mke, na wapo wanaume wanaojificha hapo. Lakini Sheikh Wahba az-Zuhayli, mwanachuoni mkubwa wa Syria aliyefariki mwaka 2015, ameeleza kwamba zama zile matibabu hayakuwa hitajio la msingi kama yalivyo leo, na kwamba kwa mgonjwa leo dawa ni muhimu kuliko hata chakula. Na je, ni wema gani ule alioamrisha Allah (4:19) wa kustarehe na mke akiwa mzima na kumrudisha kwao akiugua? Hind binti Utba (R.A.) alipolalamika kwamba mumewe ni mgumu wa mali, Mtume (S.A.W.) alimruhusu achukue katika mali hiyo kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, bila ya mumewe kujua. Basi mke aliyepatwa na dharura na fedha zimo kabatini, azichukue aende.

Kwa upande wetu sisi jamaa wa misikiti, mambo manne yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila msikiti uwe na mfuko mdogo wa dharura ya uzazi na namba za madereva wawili wa mtaa wanaoamshwa usiku. Nchini sasa upo mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, namba yake ya bure ni 115, na ibandikwe penye mbao za matangazo misikitini. Pili, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Tujifunze taratibu zake na kuwaandikisha familia zetu badala ya kungoja kuchangishana hospitalini. Tatu, tunalalamika kwamba wake zetu wanahudumiwa na wanaume, lakini tunawatoa mabinti zetu shule wakiwa na alama nzuri za sayansi. Kwenye dharura daktari yeyote anajuzu, na Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) amesimulia katika Bukhari jinsi wanawake walivyowatibu majeruhi wanaume vitani. Anayetaka mkunga wa Kiislamu na amsomeshe binti yake. Nne, maimamu waliseme jambo hili mimbarini na wawafundishe wanaoosha maiti hukumu za watoto hawa.

Mke wangu alipona. Mtoto wetu tulimpa jina, na mama yake humtaja katika dua kila Ijumaa. Nilikwenda kwa yule jirani yetu kumrudishia fedha zake za bajaji. Alizikataa, akaniambia, "Mwalimu, wafundishe tu wanaume wenzako."

Ndilo ninalolifanya. Tangu mwaka ule, kila nikialikwa kufundisha haki za mume na mke, kabla ya kuanza nawaomba wanaume watoe simu, kila mmoja ampigie mkewe pale pale amwambie maneno haya: ruhusa ya kwenda hospitali umekwishaipata tangu siku niliyokuoa, usiningoje. Wapo wanaocheka. Wapo wanaotoka nje ya ukumbi kidogo kuzungumza, wakirudi wamenyamaza. Nawe unayesoma, ukimaliza mstari huu, mpigie.

Ewe Mola wetu, wafariji kina mama waliopoteza watoto wao, waliojulikana na wasiojulikana. Wajaalie watoto hao kuwa akiba na waombezi wa wazazi wao. Utusamehe sisi tuliochelewa, na utupe macho ya kuona amana ulizotukabidhi. Amin. Wabillahi tawfiq.